Ngeli

Maji ya Fundy yakipwa hupwa kweli:
huacha matope hadi upeo wa jicho,
na magenge ya Joggins husimama uchi, rangi ya kutu na masizi.
Odélie Thibodeau hushuka ngazi kinyumenyume,
nyundo kiunoni, jedwali la kujaa na kupwa mfukoni,
maana bahari ya hapa ikirudi haibishi hodi.

Babake alichimba makaa chini ya ardhi hii hii.
Alipokohoa, asema Odélie,
leso yake ilikuwa na msitu ndani.
Mimi nimeandika tu.

"Njoo uone." Kisiki.
Kimesimama wima ndani ya mwamba,
mti uliozikwa na mchanga kabla haujaanguka;
gome likawa makaa, moyo ukaoza,
pakabaki shimo mithili ya mtungi.
Humo, miaka milioni mia tatu na ushei iliyopita,
alitumbukia (au alijificha, nani alikuwepo?)
mjusi ambaye bado hakuwa mjusi,
mrefu kama shubiri,
meno kama chembe za ulezi.

Jamaa zake wa majimaji
walirudi bwawani kila walipotaka kuzaa,
kama mdeni arudivyo dukani.
Yeye alilifunga bwawa ndani ya yai,
akaenda zake nchi kavu.
Yai lenyewe hatujalipata.
Odélie huviringa kiganja, hulishika hata hivyo.

Makumbusho ni madogo, paa linavuja.
Droo ya kobe. Droo ya mijusi na nyoka.
Droo ya mamba, nzito, yenye kitasa kilichong'oka.
Ndege wako ghorofani kwa Bwana Corkum,
ambaye hapendi kutembelewa.

Wajuzi walihesabu matundu ya fuvu nyuma ya jicho.
Tundu moja: hao wakashika njia yao,
wakaota manyoya, wakanyonyesha,
mmoja wao anaandika shairi hili.
Matundu mawili: mjusi, nyoka, mamba.
Bila tundu: kobe peke yake,
akawekwa pembeni kama mgeni asiyejulikana msibani,
mpaka chembe za urithi wake zilipoulizwa,
zikajibu: mimi ni wa kwa kina mamba.
Na mamba, alipoulizwa nduguye wa karibu,
hakumtazama kenge.
Alitazama juu.

Jumanne walikuja watoto wa shule kutoka Amherst.
Msichana mmoja, Brielle, koti limemzidi,
aliuliza:
"Kama kunguru ni ndugu wa mamba,
mbona hayumo kwenye droo?"

Odélie alifungua mdomo. Akaufunga.
Akatafuta funguo.

Mimi nilicheka peke yangu.
Mtambaazi, tumemwita hivyo kwa ajili ya tumbo lake,
kana kwamba kutambaa ni ukoo.
Lakini sarufi niliyochapiwa darasani
ilikuwa imekwisha wapanga:
mjusi wakizidi huwa mijusi,
bali nyoka mmoja, nyoka kumi,
mamba mmoja, mamba kumi,
ndege mmoja, ndege kumi,
neno halitikisiki.
Na neno lile lile, ngeli,
ndilo la maneno, ndilo la wanyama.
Ni sadfa, najua. Kapu hilo hilo lina mbuzi na nyanya.
Hata hivyo nilicheka.

Juu, sauti zilipanda.
Kisha Bwana Corkum akashuka, uso umemwiva,
amebeba kunguru aliyekaushwa
kama abebavyo mtu mtoto wa jirani.
"Kwa leo tu," alisema.
Akamlaza ubavuni mwa mamba.

Nje maji yalikuwa yamekwisha fika kwenye kisiki.
Odélie alisukuma droo kwa goti, mara mbili.
Bawa lilizuia.
Brielle akasema, "Iacheni wazi,"
akaanza kuhesabu vidole vya miguu,
vya huyu,
kisha vya yule.